Manjano Hayaingii Machoni

Kwako wifi yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Hujambo? Na ule mguu wa kushoto unaendeleaje, bado unavimba ukisimama muda mrefu? Namwomba Mungu akuweke. Mimi niko, nahema, namshukuru Mola kwa hilo.

Daftari hili amelibeba dereva wa lori la magunia, maana simu zangu hupokei, na wala sikulaumu. Siku ya maziko uliniuliza mbele za watu, "Ulimlisha nini mdogo wangu?" Kwa maneno mawili nisingeweza kukujibu pale. Jibu lote limo humu. Unajua kila msimu msimamizi wetu anataka mtu mmoja aandike siku za kuchemsha na siku za kuanika, na kwa kuwa mimi nilifika darasa la saba na mwandiko wangu unasomeka, kazi hiyo ni yangu. Ila kalamu ikishakaa mkononi huwa naandika na ya nyumbani. Utakutana na siku nilizokusema vibaya. Sikufuta hata neno moja. Nimeshaficha vya kutosha mwaka huu.

Soma taratibu, wifi.

Tarehe 3 Juni

Tumeanza kung'oa. Majani yote yamekauka na kulala chini, ndiyo alama kwamba manjano yameiva huko ardhini. Mizizi ya mwaka huu ni minene, vidole vimejaa. Wanaume wako kwenye majembe, sisi wanawake tunaosha na kuchemsha, na mume wangu yuko bandani kwenye mashine ya kusaga, anamalizia magunia ya msimu uliopita. Nimemwomba Mungu jua la wiki sita tu. Sijaomba makubwa.

Tarehe 6 Juni

Mapipa manne leo. Povu likishapanda na kijiti kikaingia bila kulazimishwa, yameiva. Ukizidisha, rangi inakufa. Ukipunguza, hayakauki hadi ndani. Mwenzangu wa pipani ni yuleyule wa mwaka jana, tunamwita Mama Cheko kwa sababu hana kitu asichokicheka. Leo alichota yale maji ya kuchemshia akajimwagia mkononi. "Shoga, watu wanalipa ili wang'ae, sisi tunapata bure!" Nilicheka, lakini kusema kweli mwanamke huyu hana jambo zito kichwani.

Kila kitu chetu sasa ni cha njano. Kucha, taulo, mashuka, hadi mswaki. Mume wangu ndiye amezidi, vumbi la mashine linamwingia mpaka kwenye mikunjo ya masikio. Akifika mlangoni namwambia, "Karibu, embe langu lililoiva." Ananijibu, "Asante, Daktari." Daktari ndiyo jina alilonipa kwa ajili ya dawa zangu za tangawizi. Alianza kwa utani, sasa hata jina langu nadhani amelisahau.

Tarehe 11 Juni

Mume wangu anajikuna. Mgongo, viganja, hata nyayo. Vumbi hilo. Nimempaka mafuta ya nazi.

Tarehe 14 Juni

Jua zuri. Sakafu ya kuanikia imejaa pembe zote. Siku ya tano ya kuanika.

Tarehe 18 Juni

Mchana mawingu yalikuja ghafla. Tulikimbia na maturubai kama watu waliovamiwa, msimamizi akipiga filimbi. Halikudondoka hata tone. Tukafunua tena. Mume wangu alikuja kusaidia, akabeba upande mmoja wa turubai, kisha akakaa chini. Anahema. Nikamtania kwamba uzee umeanza miguuni.

Tarehe 23 Juni

Wifi amekuja kututembelea. Ndiye dada mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, aliacha shule kwa ajili yake, na sifa hiyo simnyimi. Lakini kila akija mimi huwa kama niko kwenye mtihani. Atafungua chungu, atanusa. Atashika shuka, ataliinua kwenye mwanga. Miaka kumi na tisa. Na ile miaka ya kwanza, kila akifika macho yake yalikuwa tumboni kwangu, mpaka akachoka kuangalia. Mungu hakutujalia mtoto, na nimeshayakubali aliyoyapanga.

Basi leo, hata mkoba hajauweka chini, akasimama mbele ya mdogo wake.

"Mbona macho yako hivyo?"

"Hivyo vipi, Dada?"

"Ya njano."

Nikaingilia. "Wifi, hapa hata paka ni wa njano! Kaa siku tatu tu na wewe tutakupakia kwenye gunia."

Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. Mama Cheko alikuwepo, amekuja kuomba chumvi, naye akaangua kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Wifi hakucheka.

"Nasema macho, sisemi ngozi. Ngozi naielewa. Ndani ya jicho rangi imefikaje?"

"Vumbi, wifi. Na uchovu. Mashine inawashwa alfajiri."

"Umekonda," akamwambia mdogo wake, huku ananitazama mimi.

Nikamwambia kwamba chakula kipo, sufuria iko palepale, aifungue kama kawaida yake.  Nikiandika haya najisikia vizuri, Mungu anisamehe. Ni mara ya kwanza tangu niolewe wifi kukosa la kusema nyumbani kwangu.

Tarehe 24 Juni

Wifi ameondoka asubuhi. Mlangoni alimshika mdogo wake kidevu akamgeuzia kwenye mwanga, mtu mzima wa miaka arobaini na nane, kama anakaguliwa kucha shuleni. Kisha akaniambia, "Mwangalie." Nikamjibu kwamba namwangalia kila siku.

Tarehe 30 Juni

Ametoboa tundu jipya kwenye mkanda wa suruali. Ametumia msumari. Kila msimu anapungua, kazi ile si mchezo.

Tarehe 6 Julai

Kuchemsha kumekwisha. Leo wamekuja watu watatu kwangu kutaka dawa, kama vile nimetundika kibao mlangoni. Mlinzi wa ghala ana kikohozi: tangawizi mbichi iliyopondwa, ichemke taratibu, anywe ikiwa moto. Msimamizi ana gesi, ingawa aliona haya kulitaja, akasema "kuna upepo umenishika." Nikampa punje za iliki atafune baada ya kula. Mwanamke wa nyumba ya tatu amejikata kidole, nikampaka manjano.

Haya yote nilifundishwa na bibi yangu mzaa mama. Alikuwa akisema tangawizi, manjano na iliki ni ndugu wa tumbo moja. Tangawizi ndiye mkubwa, mkali, anaingia nyumbani kila mtu ananyooka. Manjano ni wa kati, mkimya, anafanya kazi bila kelele. Iliki ni kitinda mimba, anapenda kunukia na kila mtu anamdekeza. Ukiwajua tabia zao, alisema, hutawatuma kazi isiyo yao.

Mlinzi aliniambia, "Mama, wewe hospitali ya nini?" Nikajisikia kichwa kimekuwa kikubwa kidogo. Naandika ili nikumbuke kutubu.

Tarehe 13 Julai

Mume wangu ametapika asubuhi. Nikamchemshia tangawizi, akanywa kidogo kidogo, tumbo likatulia, akaenda kazini. "Daktari, unanifanya niogope kufa nikakukosa," alisema. Nimefurahi siku nzima.

Tarehe 15 Julai

Ametapika tena. Tangawizi tena.

Tarehe 17 Julai

Mkanda wa mashine umekatika na mwingine unatoka mbali. Mashine hiyo ndiyo inazungusha pia lile pipa la kusugulia maganda, kwa hiyo kazi zote zimesimama. Msimamizi ametupa likizo, amebaki mlinzi tu kugeuza yaliyo sakafuni. Nimemwambia mume wangu, hii ni zawadi, lala. Amelala kweli. Amelala sana.

Tarehe 26 Julai

Leo ni siku ya ibada. 

Tumekaa nyumbani siku tisa. Asubuhi Mama Cheko alipita, akanionyesha viganja: "Tazama, shoga, mikono ya karani!" Kweli, vimetakata. Nikaangalia vyangu, navyo vimerudi rangi yake, imebaki njano kidogo kwenye kucha. Msimamizi nilimwona njiani, yuko kama mtu mwingine. Sote tumetakata.

Nikarudi ndani. Mume wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa shati lake jeupe la ibada, nyuma yake ukuta tuliopaka chokaa. Jua limeingia dirishani. Yeye hajatakata. Siku tisa anaoga sabuni, vumbi hajaligusa, naye ni wa njano kuliko siku ya kwanza.

Nikapiga magoti mbele yake, nikamvuta kope ya chini. Ndani ya jicho, pale panapotakiwa kuwa peupe, ni kama kiini cha yai.

"Imeanza lini hii?"

"Unaniuliza mimi? Wewe ndiye Daktari."

"Usinitanie."

Akashika kifungo cha shati. Kisha akasema taratibu kwamba mkojo wake ni kama chai ya rangi. Tangu lini? Tangu kabla ya kung'oa. Na choo kimekuwa cheupe kama majivu. Alikuwa anamwaga maji haraka nisione.

Nikasema twende hospitali. Akasema ngoja kwanza, ni manjano tu, watu wanaumwa manjano wanapona. "Na Dada usimwambie. Atakuja na kelele zake zote, tutalala wapi?" Nikamwahidi. Niliahidi upesi sana, naliandika hili jinsi lilivyo. Ningempigia ningelazimika kumwambia kwamba aliona yeye, kwa kuingia mlangoni tu, nami nilikuwa nimelala naye kitanda kimoja.

Tulipotoka ibadani nikafikiri tena. Bibi alitufundisha kwamba ugonjwa huu unaitwa manjano kwa makusudi. Mungu aliupa ugonjwa jina la dawa yake, ili mja hata awe mjinga asipotee. Nimetuliza moyo kwa hilo. Nani ana manjano kuliko mimi? Nimeanza leo hii: kijiko kizima cha unga, tangawizi juu yake, iliki kulainisha. Vikombe vitatu kwa siku. Amekunywa chote, akafuta mdomo, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili.

Tarehe 29 Julai

Vikombe vitatu. Anajikuna mpaka damu.

Tarehe 1 Agosti

Vitatu. Nimefunga na kuomba.

Tarehe 3 Agosti

Nimeongeza. Vinne.

Tarehe 5 Agosti

Amesema anajisikia nafuu. Nimemshukuru Mungu mpaka nikalia.

Tarehe 7 Agosti

Mkanda wa mashine umefika, kazi imerudi. Mume wangu alishika gunia, akaanguka nalo chini. Wakamkalisha kivulini.

Mama Cheko akanivuta nyuma ya ghala. "Unampeleka hospitali lini?"

"Anatumia dawa."

"Dawa gani?"

"Si unajua. Manjano."

Nikangoja acheke. Hakucheka. Nilikuwa sijawahi kumwona uso wake ukiwa umefungwa, ni uso wa mtu mzima, una mikunjo ambayo kicheko huwa kinaificha.

"Mume wangu mimi alikuwa hivihivi," akasema. "Macho hivyo, mkojo hivyo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nikampeleka kwa waganga watatu na nyumba ya maombi. Unadhani kwa nini nacheka kila saa, shoga? Nikinyamaza namsikia."

Nilimwambia yeye si daktari. Akanijibu, "Na wewe je?"

Nikaondoka kwa hasira. Sasa hivi nimekaa jikoni na kikombe cha nne kiko mbele yangu, kimepoa, na sijui nimpe au nisimpe.

Tarehe 9 Agosti

Hospitali. Tumepanga foleni tangu asubuhi. Aliyetupokea ni daktari wa kike, kijana, umri wa kuwa mwanangu kama ningejaliwa. Akamlaza, akambonyeza tumbo, akamvuta kope kama nilivyofanya mimi. Wakampiga picha ya tumbo. Mume wangu alipotoka huko alikuwa na baridi, akasema, "Daktari, nifunike."

Tuligeuka wote wawili, mimi na yule binti.

Akatabasamu kidogo, akaniachia nimfunike mimi. Kisha akaniita pembeni kwenye benchi, akakaa nami bega kwa bega, si ng'ambo ya meza.

"Mama, umeiona lini hii njano?"

Nikamwambia sisi ni watu wa manjano, tunayachemsha, tunayasaga, tunayalalia, hatukujua.

"Manjano ya shamba hayaingii machoni, mama."

"Nimeambiwa hivyo," nikasema. Sikumwambia na nani.

Akaeleza polepole. Ini hutengeneza nyongo, nyongo ina njia yake ya kupita. Kwa mume wangu njia hiyo imezibwa na uvimbe kwenye kongosho. Nyongo ikikosa pa kwenda hurudi kwenye damu, ndiyo inamtia rangi, ndiyo inamwasha. Akauliza kama kuna dawa yoyote ametumia. Nikamwambia yote. Vikombe vitatu, kisha vinne, karibu wiki mbili.

Aliweka kalamu chini.

"Kwa nini manjano?"

"Kwa sababu ni manjano," nikasema. Na nilipojisikia nikilisema hilo kwa sauti, kwenye korido ile ya hospitali, watu wakipita na mafaili, ndipo nilipolisikia lilivyo.

"Ni jina tu, mama. Rangi ni moja, vitu ni viwili."

Alisema manjano yana faida zake, hata wasomi wanayachunguza, na hakuna ubaya kwenye chungu. Lakini mtu aliyezibwa njia ya nyongo hapewi mengi, maana yanaichochea nyongo, nayo haina pa kupita. Nikamuuliza kama mimi ndiye niliyemletea. Akasema hapana, uvimbe haukuletwa na kikombe. Nikauliza, tungekuja lini? Akaanza kupanga karatasi zake. Nikamshika mkono, nikamwambia aniambie kama angemwambia mama yake.

"Mwezi wa sita pengine ungekuwa mdogo, tungeweza kukata. Pengine. Siwezi kukuapia. Sasa umeshasambaa."

Mwezi wa sita, tarehe ishirini na tatu. Nimerudi kwenye ukurasa ule nikausoma. Nimeuandika kwa kujisifu.

Tarehe 10 Agosti

Amelazwa. Nimempigia wifi. Aliniuliza jambo moja tu, wodi namba ngapi.

Tarehe 12 Agosti

Wifi amefika. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, hakupiga. Aliomba beseni la maji ya vuguvugu, akamwosha mdogo wake uso kwa vidole, akapita nyuma ya masikio, chini ya taya, na kwenye kovu dogo lililo juu ya shingo ambalo mimi nililijua baada ya miaka miwili ya ndoa. Yeye hakulitafuta, kidole kilikwenda chenyewe.

Nimekaa upande wangu wa kitanda nikiwaza. Miaka kumi na tisa nilidhani ananikagua mimi. Chungu changu, mashuka yangu. Alikuwa anamtafuta mtoto wake kwenye vile vitu, aone kama ameshiba, kama amelala pakavu. Mimi nilikuwa nimesimama katikati tu, nikachukulia kila jicho kuwa langu.

Nilitaka kumwambia. Nesi akaja na dripu.

Tarehe 15 Agosti

Hali ileile.

Tarehe 17 Agosti

Wifi amenipa nusu ya mkate wake. 

Tarehe 20 Agosti

Leo alikuwa mchangamfu, akataka tumwinue kwa mito. Akamwambia dada yake, "Huyu Daktari wangu alininywesha manjano mpaka magunia yakanionea wivu." Alitaka kutuchekesha, masikini. Wifi akageuka akanitazama, na sikuwahi kutazamwa hivyo na mtu.

"Mangapi?"

"Mengi, Dada," akajibu yeye, bado anatabasamu. "Ila matamu, aliweka iliki."

Wifi akatoka nje ya wodi. Nilimfuata mpaka mlangoni, kisha nikarudi kwa mgonjwa.

Tarehe 23 Agosti

Chakula hakikai tena, hata maji. Yule daktari binti alisema nijaribu tangawizi, nyepesi sana, vijiko vitatu tu, kwamba kwa kichefuchefu hiyo inajulikana. Nimeileta kwenye chupa. Vijiko vitatu vimekaa. Ni kitu pekee kilichokaa wiki nzima. Bibi yangu hakuwa mwongo, naliandika hili kwa makusudi. Kila mzizi ulikuwa na kazi yake. Aliyepeleka mmoja kwenye kazi isiyo yake ni mimi.

Baada ya kunywa aliniita karibu.

"Nilijua tangu mkojo," akasema. "Sikukwambia kwa sababu ungeanza kunihangaikia, na wewe ukishamhangaikia mtu, basi anajua ni mgonjwa kweli. Nilitaka nikae mzima siku mbili tatu zaidi."

"Ungeniambia."

"Nimekwambia sasa. Andika kwenye daftari lako, usije ukajibebesha peke yako."

Nimeandika. Bado nimejibebesha.

Akasema tena, "Na usigombane na Dada. Mmebaki wawili tu duniani mnaojua ninavyokoroma."

Tarehe 26 Agosti

Amefariki saa nne asubuhi. Jua lilikuwa kali.

Tarehe 28 Agosti

Tumemzika. Wifi aliniuliza lile swali. Mama Cheko alinishika kiuno. Wakati wanamwosha walijaribu kutoa ile rangi, wakadhani ni ya kazini. Haikutoka.

Tarehe 2 Septemba

Sina la kuandika.

Tarehe 9 Septemba

Mvua imekuja kabla ya wakati wake, bila hata upepo wa kutuonya. Sakafu ilikuwa na awamu ya mwisho. Filimbi ilipigwa, nikasimama mlangoni mwa banda nikiangalia, mpaka Mama Cheko akanisukuma begani, "Shika turubai, mwanamke, utalia jioni!" Nikashika. Tumeokoa kama nusu. Msimamizi akaniomba hesabu ya siku za kuanika. Nikafungua daftari, nikakuta mwezi mzima hakuna hesabu, kuna mume wangu tu. Nikampa hivyohivyo. Alisoma ukurasa mmoja, akafunga, akaninunulia jingine jipya la kazi, akaniambia hili la zamani nikae nalo.

Tarehe 15 Septemba

Yule mwanamke wa nyumba ya tatu amekuja. Ni mjamzito, kila asubuhi anatapika, ametaka tangawizi. Nikamwambia sitoi dawa tena. Akasimama tu mlangoni, ameshika mdomo, macho yana machozi ya kichefuchefu, na mimi jikoni ninayo inanukia.

Nikamleta nje kwenye mwanga. Nikamvuta kope, jicho hili, kisha hili. Meupe. Nikamuuliza mkojo, choo, homa, ameanza kliniki au bado. Bado. Nikavaa viatu nikampeleka mwenyewe, nikakaa naye foleni. Nesi akampima, akamwambia na tangawizi kidogo haidhuru. Tuliporudi ndipo nikamchemshia, kipande kama kidole gumba, si zaidi.

Alipomaliza akasema, "Asante, Daktari." Amelisikia kwa mume wangu, hakujua linavyoniuma. Nikamwomba asiniite hivyo. Akaniuliza basi aniite nani.

Tarehe 20 Septemba

Wifi, hapa ndipo yanapoishia. Sasa unajua nilimlisha nini, mangapi, na kwa nini. Unajua pia kwamba uliona wewe, siku ya kwanza, kabla ya kuweka mkoba chini, nami nikawachekesha watu juu yako. Hilo ndilo nilalo nalo. Sikuombi useme halikuwa kosa.

Kuna jambo moja linanisumbua na sina wa kumuuliza ila wewe. Hatukuacha mtoto wa kutuunganisha. Aliyetufanya tuitane wifi ni yeye, na yeye hayupo. Sijui kama mtu aliyefiwa na mume bado ana wifi, au naye huzikwa siku hiyohiyo. Mimi nimekuandikia kwa jina hilo kwa sababu sina jingine la kukuita, na kwa sababu nikiliacha nitakuwa nimempoteza na aliyenipa.

Kama na wewe huwezi tena kuniita hivyo, nitaelewa. Anza barua yako bila jina, ingia moja kwa moja kwenye unalotaka kusema, hata kama ni matusi, nitasoma yote. Dereva anarudi huku Alhamisi ijayo. Nakuomba unijibu mapema.